Hajar Hakuitwa

Ibra, Alkhamisi 31 Julai 2025

Mdogo wangu Aliya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, na Bwana Nadhir hali yake, na lile goti lako? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto. Hata maji ya mfereji wa falaji yanakuja ya moto, mtu ukitia udhu adhuhuri unadhani umechemshiwa.

Utashangaa kuona karatasi badala ya sauti yangu. Nyumba hii haina siri, Aliya. Nikikupigia simu, Hajar yuko chumba cha pili anasikia, na nikikurekodia ndiyo hayo hayo, sauti yangu unaijua ilivyo. Kwa hivyo nimempa shemeji Hood, maana kila Ijumaa anapeleka mbuzi wake soko la Nizwa na mlango wako hauko mbali na pale. Usimwache aondoke bila ya kahawa, wala bila ya jibu.

Jambo lenyewe ni huyu huyu Hajar. Unajua alivyofaulu, tisini na nane kwa mia. Nilipika biriani nikagawa mpaka nyumba ya saba. Ameomba udaktari vyuo vitatu, vyote vya Maskati. Huko hawamchukui mtu kwa alama peke yake, wanachagua kwanza wa kumwita usaili, akakae mbele ya madaktari wamuulize maswali, akipita ndiyo ameingia. Hawajamwita. Si cha kwanza, si cha pili, si cha tatu. Wiki ya tatu hii. Kwenye mtandao kila akifungua, jina lake limeandikiwa kuwa linasubiri. Linasubiri nini, hakuna anayesema.

Kila asubuhi ananijia jikoni: "Mama, hakuna ujumbe?" Namwambia hakuna, mwanangu. Maana namba iliyoandikwa kwenye fomu ni yangu. Baba yake, Khalaf, alisema namba ya mtoto wa kike haipitishwi mikononi mwa makarani, iandikwe ya mama yake, na ndivyo tulivyofanya kwa dada zake wote. Na simu yangu siku hizi ni jalala. Matangazo ya magari, ya mapazia, na wale matapeli. Tangu jirani yetu wa nyuma abonyeze alichobonyeza akaliwa akiba yake, na imamu akatangaza msikitini kuwa tusifungue ujumbe wa watu tusiowajua, mimi kila kisichokuwa na jina la mtu nakifuta. Nafuta mpaka kidole kinauma.

Bwana Nadhir yuko idara ya afya miaka ishirini. Anajuana na watu. Sitaki amtafutie mtoto kisichokuwa haki yake. Nataka aulize neno moja tu: kwa nini? Mtoto hali, halali, na mimi kila nikimtazama napandwa na hasira, sijui hata nimkasirikie nani.

Nijibu na Hood.

Dada yako,
Saliha


Nizwa, Ijumaa 1 Agosti 2025

Dada Saliha, shikamoo.

Waalaykumu salaam warahmatullah. Goti linakwenda, ukiliuliza wewe linapoa kidogo. Hood yuko sebuleni na Nadhir, yuko kikombe cha tano cha kahawa na bado hajakitikisa kuwa imemtosha. Akikitikisa tu, naweka kalamu chini.

Nimemweleza Nadhir. Kasema yeye hamsemei mtu, hata mwanetu Luay hakumsemea alipotafuta kazi, na kwamba ukishamuuliza karani jambo la jamaa yako, tayari umeshamsemea. Unamjua alivyo. Usimkasirikie, nimeshamkasirikia mimi kwa niaba yako.

Jingine nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Taghreed, binti wa ndugu yake Nadhir, ameitwa usaili. Vyuo viwili. Jana tulikwenda kumpongeza. Nilikaa na sahani yangu nikimfikiria Hajar, nikairudisha nzima.

Na swali moja, usinichukie. Huo ujumbe unaoufuta, kuna mtu anayekusomea kabla hujaufuta? Hajar anajua? Najua jambo hili hatulisemi. Nauliza tu.

Nimekutilia kopo la halwa ya zafarani, ya yule mzee unayempenda.

Mdogo wako,
Aliya

Kikombe kimetikiswa.


Ibra, Alkhamisi 7 Agosti 2025

Aliya,

Assalamu alaykum. Naiandika kwa sababu salamu ni haki ya Muislamu, si kwa sababu nyingine.

Halwa yako inarudi. Sikuifungua.

Taghreed ana tisini na nne. Usiniambie hukujua, mama yake kaziweka alama kwenye simu yake na maua pembeni, watu wote wameona. Tisini na nne kaitwa mara mbili. Tisini na nane yuko hapa kalala chali anatazama dari. Na mume wako hamsemei mtu. Basi Taghreed kasemewa na nani, malaika?

Nimesali, Aliya. Nimemuomba Mungu aniondolee hasira, nikainuka juu ya msala nimekasirika kuliko nilivyokaa.

Jumatatu nilimwambia Khalaf anipeleke Maskati. Yule mwanamume safari hazipendi, lakini aliniangalia uso akachukua funguo. Chuo cha kwanza kuna kijana dirishani, ndevu zake kama zimechorwa kwa rula, hata kichwa hakuinua. Nikamuuliza habari za Hajar kwa Kiarabu changu hiki. Akaniuliza, "Mama, wewe wa wapi?" Miaka thelathini na saba niko nchi hii. Babu yetu kazikwa Ibra. Halafu mtoto wa juzi ananiuliza mimi wa wapi. Nikamwambia, mimi wa Ibra, na wewe je? Hapo ndipo alipoinua kichwa. Akasema, "Waliochaguliwa wote wameshatumiwa ujumbe."

Basi, ndiyo maneno yake. Wote wameshatumiwa, na nyinyi mliobaki rudini kwenu. Sikumuuliza la pili. Nilitoka, Khalaf ananiita nyuma yangu, sisikii. Vile vyuo viwili vingine hata garini sikushuka.

Na wewe badala ya kunisaidia unaniuliza kama nina mtu wa kunisomea. Umethubutu. Tulipokuja kutoka Unguja wewe ulikuwa na miaka sita, mimi kumi na mitatu. Wewe uliwekwa skuli na wenzako. Mimi niliwekwa na hao hao wenzako, magoti hayaingii chini ya dawati, mwalimu ananiinua nisome na darasa zima linaniita Zinjibari. Mwaka mmoja na nusu nilistahamili. Mama alipougua mmoja wetu ilibidi akae nyumbani, nikakaa mimi. Sare yako nani alikuwa akiipiga pasi? Nani aliyekaa mlangoni mpaka basi la skuli likakushusha? Wewe leo unasoma barua za serikali na kuzijibu. Mimi nasoma msahafu na nasoma Kiswahili, na hayo yananitosha. Kando ya kitanda cha mama uliniapia kwa jina la Mungu kuwa jambo hili halitatoka mdomoni mwako. Watoto wangu wanamjua mama anayesoma juzuu nzima kila alfajiri. Sina haja wajue zaidi ya hapo. Na tangazo la mapazia halihitaji msomaji.

Jana Hajar kaniambia, "Basi mama, nitakwenda ualimu." Ualimu ni kazi ya heshima, lakini kalisema kama mtu anayetoa mkono wa tanzia. Huyu ndiye aliyekuwa akimpima presha babu yake akiwa na miaka kumi, akiandika kwenye daftari.

Usiniandikie. Harusi ya mwanangu Sinan mwezi wa Oktoba tutaifanya bila ya nyinyi.

Saliha


Nizwa, Ijumaa 15 Agosti 2025

Dada, shikamoo.

Ulisema nisikuandikie, na Ijumaa iliyopita nilikutii, Hood akarudi mikono mitupu. Leo sikutii. Tafadhali kaa chini kabla hujaendelea, na kama Hajar yuko karibu, ingia chumbani.

Jumanne nilikwenda Maskati. Niliendesha mwenyewe, Nadhir hakujua mpaka niliporudi. Nilichukua ile kopi ya kadi ya Hajar iliyobaki kwangu tangu safari yetu ya Umra, nikaingia vyuo vyote vitatu.

Hajar ameitwa, dada. Kote kutatu.

Ujumbe wa kwanza ulitumwa tarehe kumi na nne Julai. Wa pili kumi na saba, wa tatu ishirini na moja. Kisha kila chuo kikakumbusha mara mbili. Jumla tisa, na zote zimekwenda kwenye namba inayoishia mia nne kumi na nane. Ni yako. Msichana wa ofisini alinigeuzia kompyuta nikaiona kwa macho yangu. Mtandaoni limeandikwa linasubiri kwa sababu walikuwa wanasubiri jibu lenu. Na yule kijana wa dirishani hakukutukana. Alikuwa anakujibu.

Vyuo viwili vimeshafunga, hakuna la kufanya. Kilichobaki ni kile cha kwanza, cha huyo kijana wako. Siku yao ya mwisho ya usaili ni Jumatano, tarehe ishirini. Nilimuona mkuu wa usajili, ni mwanamke, mtu mzima kama wewe. Aliniuliza kwa nini hamkujibu. Ningeweza kusema simu ilipotea, uongo ulikuwa ushafika kwenye ulimi. Sikuusema. Nikamwambia dada yangu hasomi Kiarabu cha ofisini, na anaona haya kusema.

Kwa hivyo kiapo cha kitanda cha mama nimekivunja, mbele ya mtu nisiyemjua. Kafara nimetoa, Jumatano maskini kumi wamekula nyumbani kwangu wakashiba. Ya Mungu hiyo. Ya kwako bado.

Yule bibi anataka barua. Iwe ya Kiarabu, itoke kwa mwenye namba, iseme sababu hiyo, iwe na saini yake, na imfikie Jumapili ofisi zikifunguliwa, kabla ya saa nane mchana. Bila ya hiyo barua hawezi kulifungua jina la Hajar. Sikumwambia Hajar. Sikumwambia shemeji Khalaf. Umeniapisha mara moja, sitaki kukuvunjia mara mbili. Ni lako kulisema au kulificha, ila ukilificha usinitafute nikusaidie kulifukia.

Nami nina hasira, dada, usidhani ni wewe peke yako. Hajar kajifunza kutembea kwenye ua wangu. Na wewe uliweza kuamini kuwa ningemtoa yeye nikamweka Taghreed. Ukaandika kwa wino, ukampa Hood alete.

Halwa hii ni safari yake ya tatu. Ukiirudisha tena nitampa Hood awape mbuzi.

Mdogo wako,
Aliya


Ibra, Alkhamisi 21 Agosti 2025

Mdogo wangu Aliya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U mzima? Na goti? Nakuuliza nikiwa na hasira, lakini nakuuliza kweli.

Hukukosea kuniambia nikae. Niliisoma nimesimama jikoni, na nilipofika hapo pa kote kutatu nikajikuta nimekaa sakafuni, Hood mlangoni ananiuliza kama ni msiba. Nikamwambia siyo. Kisha nikawaza pengine ndiyo.

Nilianza na wewe. Kwa nini umwambie mgeni. Nikaja kwa Khalaf na agizo lake la namba. Nikaja kwa imamu na tangazo lake, kwa jirani, kwa yule mwalimu wa wakati ule ambaye labda ameshakufa, Mungu amrehemu, nilimtukana moyoni vile vile. Nikawamaliza wote. Nilipowamaliza nikabaki na kidole changu hiki kilichofuta. Mara tisa, Aliya. Na kila asubuhi mtoto kasimama mbele yangu ananiuliza, namwambia hakuna.

Nilikaa juu ya msala tangu magharibi mpaka isha. Nakwambia wewe tu: nilifikiri ninyamaze. Angekwenda ualimu, angeolewa, angenipenda kama anavyonipenda, asingejua maisha. Jumapili saa nane ingepita kama saa nane yoyote. Nilifikiri hivyo huku tasbihi iko mkononi.

Baada ya isha nikamwita. Nikampa barua yako aisome mwenyewe, ili nisiyatamke mimi. Unajua Kiswahili cha hawa watoto, kukisema wanakisema, kukisoma ni kuvuta mawe. Akakwama mstari wa pili. Akarudi nyuma, akaanza tena, kidole kwenye karatasi, midomo inacheza. Nilijiona mimi kwenye lile dawati. Akanirudishia. "Nisomee, mama." Basi nikasoma kwa ulimi wangu. Hajar ameitwa kote kutatu. Ujumbe tisa. Dada yangu hasomi.

Akasema, "Kila asubuhi nilikuuliza."

Nikasema ndiyo.

"Nilikuomba simu nitazame, ukasema zote matangazo."

Nikasema ndiyo.

"Na msahafu? Unasoma, au umehifadhi tu ukafungua kurasa?"

Hilo lilinichoma mpaka leo linauma. Nikamwambia msahafu nasoma, mwanangu, wallahi nasoma, kwa sababu una irabu, zile alama za juu na za chini zinanishika mkono. Barua za watu hazina. Akainuka akatoka, mlango akaupiga, Khalaf akapaza sauti kutoka uani kuwa upepo umeanza. Ikabidi nimwambie na yeye. Yeye hakupiga mlango. Alivaa kilemba chake akaenda msikitini, na isha ilikuwa imeshasaliwa.

Jumamosi asubuhi nikakuta karatasi juu ya meza ya jikoni, chini ya kopo la halwa isije ikaruka. Barua ya Kiarabu, mwandiko wa Hajar, mistari sita. Na kila herufi kaitilia irabu yake. Fataha, kasra, dhuma, mpaka sukuni hakuacha, kama ukurasa wa msahafu. Sijui ilimchukua muda gani. Nikakaa nikaisoma. Niliisoma polepole, lakini niliisoma mimi mwenyewe. Imesema kuwa namba ni yangu, kuwa sisomi Kiarabu kisichokuwa na irabu, kuwa ujumbe niliufuta mimi na binti yangu hakujua. Hakuandika neno la kunipunguzia. Wala la kuniongezea. Nikatia saini, jina langu na la baba na la babu.

Jumapili Khalaf alitaka kuipeleka peke yake, nikasema nakwenda. Yule kijana alikuwa dirishani. Nikamsalimia, akaitika vizuri, hanikumbuki hata kidogo. Wiki mbili nimembeba kifuani bure. Yule bibi wa usajili aliisoma barua, akaziangalia zile irabu, akaniuliza nani kaandika. Nikamwambia ni huyo huyo mnayemtaka. Akagonga muhuri.

Jana Hajar kaingia usaili, dakika ishirini. Alipotoka sikumuuliza, naye hakuniambia. Majibu ni baada ya wiki mbili. Vile viwili vilivyofungwa nimevifunga mimi, na akikosa hiki kilichobaki sitakuwa na kijana wa kumlaumu wala Taghreed. Taghreed nimemuombea kheri, nimejilazimisha, mara ya tatu ikatoka vizuri. Wewe nakuomba radhi. Nilijua siyo kweli nilipokuwa naandika, nikaandika.

Lakini bado nina hasira nawe, usidhani imekwisha. Maskini kumi ni wachache. Ungelisha soko zima la mbuzi isingepungua.

Hajar tangu siku ile alikuwa hanipi zaidi ya salamu. Sasa simu ikilia, sifuti. Nampelekea popote alipo, hata akiwa na shampuu kichwani nagonga mlango. "Hii nini?" Anatazama. "Umeme." Naondoka. Baada ya saa moja: "Hii nini?" "Magari." Neno moja moja, kama anakata kwa mkasi. Leo nimekaa nakuandikia, ikalia tena. Nikaweka kalamu, nikainuka, nikampelekea. Akaisoma mpaka mwisho.

"Mapazia," kasema. "Mapazia tena, mama."

Siku sita alikuwa hajaniita mama. Nikamuuliza, nifute? Akasema niache, ataufuta yeye. Na simu hakunirudishia upesi, kakaa nayo kidogo.

Halwa tumeifungua. Pembeni imekauka kwa safari, katikati nzima. Harusi ya Sinan mje, na mkae mbele, Bwana Nadhir mwambie hatutamwomba amsemee mtu.

Ninalo ombi moja. Barua yako ijayo, chini kabisa, niandikie mstari mmoja wa Kiarabu, wenye irabu. Mmoja tu kwanza. Nitausoma mbele ya Hajar, nikikosea anirekebishe.

Hood atakuwa kwako kesho. Nijibu hapo hapo, usingoje atikise kikombe.

Dada yako,
Saliha